Barua ya wazi: Watoto hawa wanasema, tuajirini tuwasikilize

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utumishi wa Umma,
Na kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Uganda.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, na nawaomba mnisome hadi mwisho.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu mtoto wa miaka mitano, amebebwa mgongoni na nyanya yake ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Nyanya, akiniita daktari kwa Kiganda, akasema, "Musawo, huyu ni bubu. Anachojua ni kelele za stendi tu." Nikamkalisha mtoto mkekani, nikamwaga vizibo vya soda mbele yake. Akavipanga mstari mmoja, rangi kwa rangi, ametulia kabisa. Nje ikapita pikipiki iliyotoboka ekzosi. Mtoto akaziba masikio, akainuka, akaukimbilia mlango, akaita kwa sauti ya kondakta hasa: "Jinja, Kampala! Mmoja ndani! Mmoja ndani!" Nyanya akainamisha kichwa kwa aibu.

Nyumbani kwao ni jirani na stendi ya taksi, Busia. Tangu azaliwe mtoto huyu amekuwa akisikia maneno hayo, na kila yaliposikika, gari liliondoka. Kwake yalikuwa na maana moja: tuondoke hapa. Alikuwa amenieleza waziwazi kwamba kelele imemzidi. Sisi wataalamu wa tiba ya usemi na lugha tunalijua jambo hili vizuri. Watoto wengi wenye usonji, hali ya ubongo ambayo wengi hapa kwetu huiita otizimu, huingia katika lugha kwa kubeba vipande vizima vya maneno waliyoyasikia. Baadaye, polepole, hujifunza kuvivunjavunja vipande hivyo na kujitungia vyao. Nikamwambia nyanya, "Jaja, ametuambia amechoka, anataka kutoka." Akanitazama kitambo. Kisha akasema, "Kumbe usiku anaposema hivyo..." Hakumaliza. Alianza kulia.

Ninawaandikia kuomba jambo moja, na mengine yote katika barua hii yanalizunguka hilo. Naomba nafasi ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha iwekwe katika orodha ya watumishi wa kila hospitali ya rufaa ya mkoa, kuanzia Arua hadi Kabale, kuanzia Moroto hadi Fort Portal. Iwekwe, ijazwe, na anayeijaza alipwe na serikali.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ndiyo lugha ambayo mama yangu aliuzia mukene, wale dagaa wetu, mpakani. Kusali alisali kwa Kisamia, na wabeba mizigo aligombana nao kwa Kiganda. Nimekulia katika nyumba ya lugha tatu, na kazi yangu yote nimeifanya katikati ya lugha. Hilo nitalirudia, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara ninayoyaona kila wiki yanatoka hapo.

Shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Mimi nilimaliza mwaka 2013. Wote niliosoma nao tungepanda taksi moja ya abiria kumi na wanne, na viti vingebaki. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini.

Nilipomaliza nilipeleka vyeti katika ofisi moja ya wilaya. Afisa alinipokea vizuri, akanipa kiti, akafungua orodha ya vyeo, akashusha kidole toka juu hadi chini. "Mwanangu," akasema, "cheo chako hakimo humu." Akanishauri niombe nafasi ya msaidizi wa muuguzi ili nipate kuingia, halafu "hayo ya kusemesha watoto" niyafanye jioni. Simlaumu, alikuwa akisoma alichopewa. Lakini Waheshimiwa, serikali imekuwa na chuo kinachotoa wataalamu hawa, na mtaalamu huyo akifika wilayani anaambiwa kazi yake haina jina. Wenzangu kadhaa wameondoka. Mmoja anauza vifaa vya simu. Wengine wako nje ya nchi, wanawahudumia watoto wa kwingine, na siwezi kuwanyooshea kidole.

Pengine neno "usemi" ndilo linalotuponza. Mtu akilisikia anafikiri kazi yangu ni kunyoosha matamshi, kama mwalimu wa kwaya. Kazi yenyewe huanza kabla ya neno la kwanza, na mara nyingi huanza na uji. Watafiti waliozunguka Iganga na Mayuge kuhesabu watoto wenye mtindio wa ubongo, ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuumia mapema, walichapisha matokeo yao mwaka 2017: karibu watoto 3 katika kila 1,000. Katika hesabu hiyo liko jambo linaloninyima usingizi. Watoto wadogo wenye hali hiyo walikuwa wengi kwa uwiano kuliko wakubwa. Mtindio wa ubongo hauponi mtoto akikua, kwa hiyo upungufu huo una maelezo machache, na la kwanza ni kwamba wengi wao hufa wakiwa wadogo. Mtoto asiyeweza kumeza vizuri analishwa akiwa amelazwa chali, uji unaingia mapafuni, anakohoa, anapata homa ya mapafu, anakonda, anazikwa. Kumfundisha mama jinsi ya kumkalisha wima, kuinamisha kidevu kidogo, kutumia kijiko kidogo na uji wa uzito unaofaa, kusubiri ameze ndipo amwongeze, ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji mtu anayejua na aliyepo.

Nirudi kwa watoto ambao ubongo wao umeundwa kwa namna nyingine tangu mwanzo: wenye usonji, wenye utukutu na umakini unaoruka, wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, wenye kigugumizi. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa duniani takriban mtoto 1 kati ya 100 ana usonji. Chukua shule moja ya UPE, elimu ya msingi kwa wote, yenye wanafunzi elfu. Kwa kipimo hicho, ingepaswa kuwa na watoto kumi wa namna hiyo. Mwulize mwalimu mkuu wako wapi. Baadhi wamo darasani wakiitwa wakaidi. Baadhi wako nyumbani, wamefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija.

Lazima niungame jambo hapa, kwa sababu sitaki mnielewe kama mtu aliyejua kila kitu tangu siku ya kwanza. Miaka yangu miwili ya mwanzo niliwashika watoto kidevu ili wanitazame machoni. Nilishikilia vidole vyao visichezecheze. Nilimnyima mtoto maji mpaka aseme "maji". Niliamini namsaidia. Aliyenifungua macho ni kijana mwenye usonji ambaye hasemi kwa mdomo lakini alijifunza kuandika kwa simu ya dada yake. Nilikuwa nimemwambia kwa mara ya kumi, "Nitazame." Akaandika, akanipa simu. Ilikuwa imeandikwa: *nikikutazama sikusikii*. Nilikwenda nyumbani nikakaa gizani. Kuna watoto niliowatesa kwa nia njema, na wengine sitawaona tena niwaombe radhi.

Tangu siku hiyo nafanya kazi kwa namna nyingine. Nikipokea mtoto, kwanza natafuta anavyosema tayari: kwa mkono, kwa kumvuta mama leso, kwa kulia kwa namna fulani, kwa maneno ya kondakta. Kisha nafundisha nyumba nzima kuyasikia hayo. Halafu ndipo tunaongeza. Tunapiga picha za vitu vyake mwenyewe, kikombe chake cha bluu, choo chao, embe, boda ya baba, kitanda. Tunazichapisha studio, tunazipiga laminesheni na kuzifunga kwa uzi shingoni au kiunoni. Mtoto anagusa anachotaka. Wazazi huniuliza kila mara, "Musawo, akizoea picha si ataacha kujifunza kusema?" Hapana. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba picha na ishara hazizuii usemi, na watoto wengi huanza kusema zaidi pale wanapoona kwamba kuwasiliana kunaleta matokeo.

Na hili lina nguvu ya sheria, Waheshimiwa. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha pili cha mkataba huo kinaeleza maana ya mawasiliano, na ndani yake zimo njia mbadala na za kuongezea usemi. Ule uzi wa picha kiunoni mwa mtoto wa Busia, mbele ya mkataba tuliouridhia, ni mawasiliano kamili. Mfadhili mmoja wa mradi niliofanyia kazi alikuwa na fomu yenye swali: watoto wangapi wameanza kusema? Nilijaza sifuri mwaka ule, na mradi ukafungwa. Katika sifuri hiyo alikuwemo msichana wa miaka tisa ambaye kwa mara ya kwanza aliweza kumwonyesha mama yake, kwa picha, kwamba anaumwa na sikio. Alikuwa amejigonga kichwa ukutani kwa wiki tatu. Walishampeleka kuombewa mara mbili.

Sasa suala la lugha. Kila wiki, kila wiki bila kukosa, napokea mama aliyeambiwa na mtu mwenye cheo, mwalimu au mhudumu wa afya, kwamba mtoto wake amechelewa kusema kwa sababu nyumbani kuna lugha nyingi, hivyo aache Kisamia, aache Kiswahili, amsemeshe Kiingereza tu. Ushauri huo hauna msingi. Lugha mbili au tatu hazimletei mtoto usonji wala hazimcheleweshi, na watoto wenye usonji wanaweza kukua na lugha zaidi ya moja kama wenzao. Lakini angalieni ushauri huo unavyoivunja nyumba. Mama anajua Kiingereza cha sokoni: njoo, kaa, acha, kula. Akiacha lugha yake, anaacha pia utani wake, nyimbo zake, hadithi za sungura, yale maneno matamu anayomwimbia mtoto akimwogesha. Kinachobaki ni amri nne. Mtoto aliyehitaji maneno mengi kuliko wenzake anapewa machache kuliko wote, na nyanya, ambaye hajui Kiingereza kabisa, anaacha kuzungumza naye. Nimeingia nyumba za namna hiyo. Zina ukimya mzito. Tangu mwaka 2007 mtaala wetu wa msingi unataka watoto wa P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kwa nini mtoto mwenye shida ya kuwasiliana ndiye anayekatazwa lugha ya mama yake?

Vipimo vya lugha ya watoto navyo vinatudanganya. Vingi tunavyovitumia vilitungwa Uingereza au Marekani. Vina picha za theluji na za majiko ya kuotea moto sebuleni, na mtoto wa Bugiri akinyamaza mbele ya theluji anapoteza alama. Picha hizo nilizibadilisha zamani, nikaweka sigiri, mwiko, jembe na jeri kani. Shida kubwa iko ndani zaidi. Vipimo hivyo huuliza kama mtoto wa miaka miwili ameanza kuunganisha maneno mawili. Mtoto wa Kiswahili akisema "sitaki", mpimaji anaandika: neno moja. Ndani ya neno hilo kuna mimi, kuna kukataa, kuna kutaka. Kiingereza kinahitaji maneno matatu kubeba mzigo huo. Akisema "nipe", tayari amejitaja mwenyewe na amemwomba mwenzake. Lugha zetu za Kibantu zinabeba sarufi kichwani mwa kitenzi, na anayehesabu maneno kwa nafasi zilizoachwa kwenye karatasi atawaona watoto wetu wamechelewa wakati hawajachelewa, na atashindwa kuwaona wale waliochelewa kweli. Vivyo hivyo na matamshi. Katika Kiganda, *l* hugeuka *r* baada ya *e* na *i*. Mtoto aliyekulia Mukono akisema "piripiri" anafuata kanuni ya lugha yake kikamilifu. Nimewahi kupewa mtoto wa namna hiyo na barua iliyoandikwa kwamba ulimi wake umefungwa kwa chini, utando huo ukatwe. Kidonda kingekuwa cha bure.

Ndiyo sababu sitaki tuletewe wataalamu wa kuja na kuondoka. Wapo waliotoka mbali wakatufundisha vizuri, nawashukuru kwa dhati. Lakini mtoto wa Moroto anahitaji mtu anayejua Kikarimojong kinavyosikika mdomoni mwa mtoto wa miaka mitatu, na mtu huyo hawezi kuwepo kama hana ajira Moroto.

Nilifanya kazi miaka miwili Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958. Huko Kiswahili changu cha Busia kilikutana na cha Kongo, wakaniita mwalimu, nami nikajifunza kusema *batoto*. Niliwaona watoto wenye usonji wakipelekwa kwenye mstari wa mgao, masaa kwenye jua, watu wamebanana, vipaza sauti vinalia. Mtoto analipuka, watu wanasema ana pepo. Tulikubaliana na wanaosimamia mstari kwamba familia hizo ziitwe mwanzo. Haikugharimu kitu. Mtoto mmoja wa huko alikuwa ameyapoteza maneno yake yote, na nilihitaji muda mrefu kujua kama ni usonji au ni aliyoyaona njiani kutoka kwao. Nikiwa bado sijajua, mkataba wa mradi ukaisha. Nilimwachia mama yake daftari lenye michoro. Sikuwa na mtu wa kumkabidhi.

Kuna jambo ambalo Wizara ya Afya inaweza kulianza hata kabla ya kuajiri mtu mmoja. Kila mtoto anayepata chanjo zote huja kituoni akiwa na miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela, kisha miezi kumi na minane kwa dozi ya pili. Muuguzi anamshika, kadi iko mezani. Katika miezi tisa amwulize mama: akisikia sauti yako nyuma yake, anageuka? Anatoa sauti za *bababa*, *mamama*? Katika miezi kumi na minane: anaitika jina lake? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, hata kama hakitaki, ili tu ukione? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Maswali haya hayatoi jina la ugonjwa. Yanamwonyesha muuguzi ni mtoto gani apelekwe mbele. La kwanza baada ya hapo ni masikio, maana nimepokea watoto walioitwa wajinga kumbe masikio yanatoa usaha mwaka mzima. Wahudumu wa afya wa vijiji, wale tunaowaita VHT, nao wanaweza kufundishwa maswali hayo kwa siku moja. Lakini wamwelekeze wapi? Hapo tunarudi kwenye ombi langu. Maswali bila mtu wa kupokea majibu ni kumwongezea mama hofu.

Kwa Wizara ya Elimu nitasema kifupi. Mama mmoja alimpeleka mwanawe shule ya karibu akaambiwa, "Mlete akishaanza kusema." Ibara ya 30 ya Katiba inasema watu wote wana haki ya elimu, haisemi wanaosema. Simlaumu mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia katika P1. Lakini karibu na Tororo yuko mwalimu wa P2 ambaye, kwa ajili ya mtoto mmoja, alibandika ukutani ratiba ya picha: kusoma, kucheza, uji, kuimba, nyumbani. Darasa zima sasa linaifuata, na aliniambia kelele za "mwalimu, tunatoka saa ngapi" zimekwisha. Chuo Kikuu cha Kyambogo kimefundisha walimu wa mahitaji maalumu kwa miaka mingi. Walimu hao na sisi tukikutana katika wilaya moja, tukiwa wote tumeajiriwa, tungefanya mengi. Baraza la mitihani huwapa muda wa ziada watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Lakini mtoto mwenye disleksia ambaye hakuna aliyemtambua tangu P1, atauombaje muda huo akifika P7? Wengi hawafiki P7.

Tena watoto hawa hukua. Kijana mmoja, fundi wa redio na simu, nimemjua tangu akiwa na miaka kumi na mmoja; sasa ana ishirini na mbili. Ana usonji. Jioni moja alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, mahali nisipopataja. Akaulizwa kwa Kiswahili kikali, "Wewe! Unatoka wapi, unaenda wapi?" Akatazama chini, akajibu kama anavyojibu akiingiwa na hofu: "Unatoka wapi, unaenda wapi." Afande akadhani anadhihakiwa. Kijana alilala ndani usiku mbili. Waganda wengi wa umri wa wazazi wangu walikutana na Kiswahili kwanza kama lugha ya amri na bunduki, na Kampala zipo familia zilizoniuliza kwa nini namsemesha mtoto lugha ya wanajeshi. Kwa kijana huyu nilikuwa nimeitumia miaka kumi kama lugha ya kucheza, ya vizibo na nyimbo. Siku hizo mbili zikaharibu mengi. Alikaa miezi bila kutoa neno. Sasa anabeba kadi shingoni, tuliyoiandika pamoja: *Nina usonji. Nakusikia. Nipe muda. Mpigie mama.* Nawaomba wanaofundisha askari waizoee kadi kama hiyo, na wajue kwamba kurudia swali, kukwepa macho, au kukwama kwenye herufi ya kwanza ya jina lako si dalili ya uongo.

Ibara ya 35 ya Katiba inaiambia serikali na jamii zichukue hatua ili watu wenye ulemavu waufikie uwezo wao kamili wa akili na mwili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2006 ilifuata, kisha ya 2020 ikachukua nafasi yake. Karatasi tunazo. Mimi leo nina chumba cha kupanga Busia, nyuma ya duka la dawa, wanaoweza kulipa wanalipa na wasioweza wanakuja na ndizi au hawaji na kitu. Kuna mama anayekuja kwa boda mbili na taksi moja, nauli ya shilingi 30,000 kwenda na kurudi, kwa saa moja yangu. Anafua nguo za watu wiki nzima kuipata. Hospitali ya rufaa ya mkoa wao iko karibu naye kuliko mimi. Angetembea kwa miguu, kama huko kungekuwa na mtu.

Pamoja na barua hii nimeambatisha kurasa tatu za daftari langu la miadi. Majina nimeyaziba. Safu ya mwisho ni tarehe ya kurudi, na mtaona kwamba wengi wamepewa miezi minne mbele. Wa kwanza katika ukurasa wa tatu ana miezi kumi na tisa, haitiki jina lake, na alikuwa na maneno sita ambayo yamepotea. Nimempa Februari kwa kuwa ndipo nafasi ya kwanza ilipopatikana. Mama yake aliniuliza kama kuna mwingine anayeweza kumwona kabla ya hapo, niandike jina kwenye karatasi aende nalo. Sikuwa na jina la kuandika.

Nasubiri jibu lenu.

Wenu katika utumishi,
Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha,
Busia, Uganda